Jinsi ya Kukinga Nondo Dhidi ya Kutu Unapojenga kwa Zege Ukanda wa Pwani

Wanaojenga kwa mara ya kwanza karibu na bahari, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Kilwa na Mtwara, huuliza maswali yale yale. Je, nondo zilizokaa nje zikashika kutu zinafaa? Je, zipakwe rangi kabla ya kumwaga zege? Kisima cha kiwanjani kina maji ya chumvichumvi, je, yatadhuru? Nyumba ina miaka michache tu, mbona dari la baraza linabanduka na nondo zinaonekana? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu nondo zinaposhushwa kwenye gari hadi zege linapomaliza kumwagiliwa maji, kisha unaeleza la kufanya pale ambapo kutu imekwisha kuingia. Umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba anayesimamia ujenzi wake na fundi kijana anayeongoza kazi ndogo. Hauchukui nafasi ya mhandisi: jengo la ghorofa ni lazima liwe na michoro ya mhandisi aliyesajiliwa, na pale michoro inapotaka zaidi ya yaliyoandikwa hapa, fuata michoro.

Machache ya kujua kwanza

Kinga ya kwanza ya nondo ni zege lenyewe. Saruji inapochanganyika na maji hutengeneza hali kali ya alikali, yenye pH kati ya 12.5 na 13.5, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba usioonekana kwa macho ambao huzuia kutu. Utando huo una maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ya ukaa, ambayo hupenya polepole na kushusha pH hadi chini ya 9. Wa pili, ambaye kwa Pwani ndiye mkubwa, ni kloraidi iliyomo kwenye chumvi, ambayo hutoboa utando hata pale zege linapokuwa bado na alikali ya kutosha. Utando ukishatoboka, unyevu na oksijeni humaliza kazi. Kutu huhitaji nafasi mara mbili hadi sita ya ile ya chuma kilicholiwa, na kwa kuwa ndani ya zege hakuna nafasi ya ziada, zege hupasuka na kubanduka.

Jambo moja la hesabu linafaa kukumbukwa kuliko mengine yote. Muda ambao ukaa huchukua kufika kwenye nondo hauendi sambamba na unene wa zege linaloifunika, bali hufuata takriban mraba wa unene huo. Kwa mfano, kama ukaa ungehitaji miaka 40 kuvuka milimita 40, utavuka milimita 20 kwa miaka 10 hivi. Chumvi nayo hupenya kwa namna inayokaribiana na hiyo. Ndiyo maana sentimita moja au mbili za zege zuri zina thamani kuliko dawa yoyote utakayouziwa dukani.

Wala usijipime kwa majumba ya kale ya Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja. Yamedumu kando ya bahari kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na hayakujengwa kwa nondo. Chumvi ambayo kuta zile zimeivumilia ndiyo hiyo hiyo inayotafuna chuma.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia na brashi ya waya.
- Boksi la mbao la kupimia mchanga na kokoto, lenye vipimo vya ndani vya sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Boksi hilo lina ujazo wa lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50.
- Ndoo ya lita 20 iliyowekwa alama za lita.
- Biskuti za zege, yaani vipande vidogo vinavyotenga nondo na ubao, za unene uliopangwa, zilizotengenezwa wiki mbili kabla.
- Binding waya (waya laini wa kufungia nondo) na koleo ya kufungia.
- Vaibreta (mashine ya kutikisa zege ili lishindilike) inayofanya kazi, na ya akiba au ahadi ya kuaminika ya kuazima nyingine.
- Turubai, magunia au nailoni nzito ya kufunikia zege, pamoja na maji baridi yasiyo na chumvi, ya kuchanganyia na ya kumwagilia.
- Mizani ya duka, kwa ajili ya kupima nondo.

Hatua za kazi

1. Amua unene wa kava kabla ya kukunja ringi hata moja

Kava ni unene wa zege kutoka uso wa nje hadi kwenye chuma cha kwanza, na chuma cha kwanza ni ringi, yaani chuma chembamba kilichokunjwa kuzunguka nondo kuu, si nondo kuu zenyewe. Kwa viwango vya Eurocode 2 (kanuni za Ulaya za kusanifu majengo ya zege), ukijumlisha milimita 10 za kufidia makosa ya kazi, vipimo vinavyofaa kwa nyumba nyingi ni hivi: milimita 25 ndani ya vyumba vikavu, milimita 40 nje kunakonyesha mvua mbali na bahari, milimita 45 panapofikiwa na upepo wa bahari, na milimita 55 panapoguswa na mawimbi au maji kupwa na kujaa. Msingi unaomwagwa juu ya zege jepesi la kusawazisha uwe na angalau milimita 50. Ukimwagwa moja kwa moja juu ya udongo, usipungue milimita 75. Upepo wenye chumvi ni mkali zaidi katika mita mia chache za kwanza kutoka ufukweni, lakini wakati wa kusi chumvi hufika mbali zaidi ya hapo, hivyo usijipunjie kava kwa sababu tu bahari haionekani kutoka kiwanjani.

Kosa kubwa la kava hufanyika kwenye meza ya kukunjia ringi, siku nyingi kabla ya zege. Chukua nguzo ya milimita 230 kwa 230. Kava ya milimita 45 kila upande inaondoa milimita 90, hivyo ringi ikunjwe kwa kipimo cha nje cha milimita 140. Mafundi wengi hukunja ringi ya nguzo hiyo kwa milimita 180 kwa mazoea, na hapo kava inabaki milimita 25 hata kama kila kitu kingine kitafanywa kwa ustadi. Ringi ikisogea kidogo upande mmoja, kava ya upande huo inabaki 10. Kwa linta ya ukuta wa milimita 150 yenye kava ya 40, ringi inabaki na upana wa milimita 70 tu. Ukiona nondo haziwezi kukaa vizuri ndani ya kipimo hicho, usiikuze ringi. Mwombe mhandisi akuze nguzo au boriti, kwa sababu kupunguza ringi kiholela nako kunapunguza nguvu ya jengo.

Tahadhari: lipu haihesabiwi kuwa kava. Lipu ina vitundu vingi, mara nyingi huchanganywa kwa mchanga wowote uliopo, na hewa na chumvi huivuka kwa urahisi.

2. Kagua nondo, zisafishe na uzihifadhi juu ya ardhi

Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa si sababu ya kukataa nondo. Isugue kwa gunia kavu. Ikitoka vumbi tu, inafaa kama ilivyo. Ikitoka magamba, isugue kwa brashi ya waya hadi magamba yaishe, kisha pitisha ukucha juu ya chuma. Ukihisi vishimo, ipime uzito. Kata kipande cha mita moja kamili, kisafishe na ukiweke kwenye mizani: nondo ya milimita 10 iwe na takriban gramu 617, ya milimita 12 gramu 888, na ya milimita 16 gramu 1,580. Upungufu unaokubalika kwa saizi hizo ni asilimia 4.5, hivyo nondo ya 12 ikishuka chini ya gramu 848, ikatae. Kipimo hiki pia huwaumbua wauzaji wa nondo zilizopungua saizi tangu kiwandani, na kwa sababu hiyo pekee inafaa kukifanya hata kwa nondo mpya.

Nondo zilizovushwa kwa jahazi au boti kwenda Mafia, Pemba au Lamu, au zilizokaa uwanjani karibu na bahari, huwa na chumvi juu yake hata pale zinapoonekana safi. Zioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uziache zikauke, kisha uzifunge na kuzimwagia zege mapema. Zikisubiri, zilaze juu ya magogo au tofali, angalau sentimita 15 kutoka ardhini, na uzifunike kwa turubai huku ukiacha upepo upite pembeni. Ukizifungia ndani ya nailoni, jasho la usiku litazishika kutu haraka kuliko zingekaa wazi.

Tahadhari: usipake nondo oili wala rangi ya kawaida ya mafuta. Zege halitaikamata.

3. Tengeneza biskuti zako mwenyewe

Hatua hii ndiyo inayodharauliwa zaidi, ilhali gharama yake ni ndogo kuliko zote. Changanya saruji sehemu moja na mchanga safi sehemu mbili, kwa maji machache, yaani yasizidi nusu ya uzito wa saruji. Weka fremu ya mbao juu ya nailoni, kimo chake kikiwa sawa na kava unayotaka, jaza mchanganyiko, ushindilie na uusawazishe. Ukianza kushika, ukate kwa mwiko vipande vya milimita 50 kwa 50, na kwenye kila kipande chomeka kipande cha binding waya kilichokunjwa, ncha zake mbili zikitazama juu. Kesho yake ondoa fremu, zitumbukize biskuti ndani ya pipa la maji na uziache humo siku 7. Biskuti isiyoloweshwa hubaki na vitundu, na kitundu kilichogusa nondo upande mmoja na hewa upande mwingine ni njia ya chumvi uliyoitengeneza kwa mikono yako.

Tengeneza za unene tofauti kwa sehemu tofauti, na uziweke kwenye ndoo tofauti zenye alama. Siku ya zege hakuna atakayepata muda wa kuchambua biskuti za 25 na za 45.

Kwa slabu, panga biskuti kila baada ya sentimita 80 hadi mita moja, kwenda na kukata. Chumba cha mita 4 kwa 4 kitahitaji takriban 25 chini ya nondo za chini. Kwa nguzo, zifungwe kwenye ringi pande zote nne, chini, katikati na juu.

Tahadhari: usitumie kokoto, kipande cha tofali, kipande cha mbao wala kipande cha nondo badala ya biskuti. Kokoto huteleza mtu akikanyaga, tofali hunyonya maji na mbao huoza ikaacha tundu. Kipande cha nondo kinachogusa ubao wa chini ndicho kibaya kuliko vyote, kwa kuwa kitaanza kushika kutu mwaka wa kwanza na kuipeleka kwenye nondo inayokibeba. Vilevile usikubali mtindo wa kulaza nondo juu ya mbao ili zije kuvutwa kwa ndoano zege likishamwagwa. Baadhi zitapanda sana, nyingine hazitapanda kabisa, na hutajua zipi.

4. Funga nondo, kisha pima tena

Paka mbao oili kabla ya kuingiza nondo, si baada. Ncha za binding waya zikunjwe kuelekea ndani, kwa kuwa ncha inayotazama nje hupunguza kava na huchora doa la kutu kwenye uso wa zege. Hakikisha misumari ya mbao haigusi nondo. Weka mbao za kupitia juu ya vigoda ili watu wasikanyage nondo za juu, hasa za baraza na kibaraza kinachoning'inia, ambazo zikishuka jengo hupoteza nguvu pamoja na kinga. Kabla ya kuruhusu zege, zunguka na tepu ukipima kava sehemu nyingi, ukianza na pembe za nguzo.

5. Chagua maji, mchanga, kokoto na saruji

Maji ya bahari yana takriban gramu 19 za kloraidi kwa lita. Ukiweka lita 25 kwenye mfuko mmoja wa saruji, umeingiza gramu 475. Kiwango cha Ulaya kwa zege lenye nondo ni asilimia 0.40 ya uzito wa saruji, yaani gramu 200 kwa mfuko wa kilo 50, na kiwango hicho kinahesabu chumvi kutoka vyanzo vyote: maji, mchanga, kokoto na dawa. Kwa hiyo maji ya bahari peke yake yanavuka kikomo zaidi ya mara mbili siku ile ile ya kumwaga, kabla upepo wa bahari haujaleta chembe moja.

Visima vifupi vingi vya Pwani vina maji ya chumvi kwa kiasi fulani, na hali hubadilika kwa msimu. Maji ya kuchanganyia zege lenye nondo yasizidi miligramu 1,000 za kloraidi kwa lita. Maji ambayo ulimi unayatambua kuwa ya chumvi yapelekwe maabara, au yaachwe na ununue maji ya bomba au ya boza. Maji ya kumwagilia zege yawe ya namna hiyo hiyo, kwa sababu zege changa hunyonya.

Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa, wala unaochotwa mtoni karibu na mlango wa bahari. Tumia mchanga wa mto wa bara au wa machimbo. Kwa kokoto, chagua za jiwe gumu lililopondwa, kama zinazoletwa Dar es Salaam kutoka Lugoba. Kokoto za matumbawe hunyonya maji na mara nyingi hubeba chumvi ndani yake, hivyo zibaki kwa kazi zisizo na nondo.

Saruji iwe ya daraja la 42.5 na yenye nembo ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Saruji zenye pozolana (kama jivu la volkano) au slagi (masalia ya tanuru la chuma) huzuia kloraidi vizuri zaidi zege likikomaa, ila zinadai kumwagiliwa kwa muda mrefu. Dawa za kuharakisha zege kushika zikague lebo: yenye kloraidi ya kalisi usiilete kiwanjani.

6. Pima mchanganyiko, hasa maji

Kwa kazi ndogo tumia mfuko mmoja wa saruji, boksi moja na nusu la mchanga na maboksi matatu ya kokoto za milimita 20. Maji yote yasizidi lita 25 kwa mfuko, na kwa sehemu zinazoguswa na mawimbi yasizidi lita 22.5. Maji yaliyomo kwenye mchanga yanahesabiwa pia: baada ya mvua, boksi moja na nusu la mchanga linaweza kubeba lita 4, hivyo ndoo ipungue kwa kiasi hicho.

Hapa ndipo utakapobishana na watu. Zege lenye maji mengi humwagika kwa urahisi na kila mtu hulipenda, lakini maji yasiyotumiwa na saruji huondoka yakiacha vinyweleo, na vinyweleo hivyo ndivyo njia za chumvi. Zege likiwa gumu kufanyia kazi, tumia dawa ya kulainisha zege isiyo na kloraidi, kwa kipimo cha mtengenezaji. Zege lililokaa zaidi ya saa moja juani lisichangamshwe kwa maji. Litupwe. Na kwa nguzo na boriti za jengo linalotazama bahari, uwiano huu wa maboksi hautoshi kuwa hakikisho: zege linalotakiwa huko ni la daraja C30/37 au zaidi, na mhandisi anapaswa kupima vipande vya majaribio maabara.

7. Mwaga na ushindilie kwa vaibreta

Anza asubuhi na mapema. Usimwage kutoka juu zaidi ya mita moja na nusu. Mwaga kwa tabaka za sentimita 40 hadi 50, zamisha vaibreta upesi, iache sekunde 5 hadi 15 hadi mapovu yaishe, kisha uivute polepole, na uihamishe kila baada ya sentimita 45 hivi. Usiigusishe kwenye nondo wala kuitumia kusogeza zege. Chini ya nguzo na kwenye maungio ya nguzo na boriti ndipo mapango (matundu ambamo zege halikujaa) hutokea, kwa hiyo simama hapo mwenyewe.

8. Mwagilia bila kuruka siku

Funika zege mara tu uso unapokuwa mgumu wa kutosha kutochubuka, kisha uliweke na unyevu kwa siku zisizopungua 7, na kwa saruji ya pozolana siku 14. Kumwagilia asubuhi na jioni huku zege likikauka mchana hakutoshi: gunia lililoloa au nailoni liwe juu yake muda wote. Nguzo ndizo husahauliwa, kwa kuwa maji hayakai juu yake. Zizungushie gunia, ulifunge kwa kamba na uliloweshe. Zege la nje, la milimita 45 zile unazozitegemea, ndilo hukauka kwanza, kwa hiyo ukikata siku za kumwagilia umeidhoofisha kava na kuiacha sehemu ya ndani ikiwa nzima.

9. Kinga vinavyobaki nje

Nondo zinazochomoza juu ya paa la zege zikisubiri ghorofa ijayo ni tatizo ambalo limezoeleka hadi halionekani. Zikikaa miaka mitano kwenye upepo wa bahari, chuma huliwa zaidi pale pale zinapoingia kwenye slabu, panapotuama maji, na kutu hushuka ndani ya nguzo ya chini. Kama ghorofa haitajengwa ndani ya miezi michache, zisafishe na uzizungushie zege dhaifu litakalovunjwa baadaye, juu yake pakiwa na mwinamo wa kumwaga maji. Kuzivika chupa za plastiki kunaokoa macho ya watu, lakini hakuzuii kutu.

Paa la zege liwe na mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita, na ukingo wa chini wa baraza uwekewe kijifereji cha kudondoshea maji ili yasirudi chini ya slabu. Mabomba yasipitishwe ndani ya nguzo.

Kuhusu nondo zilizopakwa zinki au epoksi

Nondo zilizochovywa kwenye zinki huchelewesha kutu. Zilizopakwa epoksi kiwandani husaidia pia, mradi zisichubuke. Zikichubuka wakati wa kukunjwa na kuburutwa, kutu hujikusanya pale penye mchubuko na kuchimba kwa kasi. Nondo za chuma kisichoshika kutu (stainless steel) ndizo imara kuliko zote: gati la Progreso nchini Mexico, lililojengwa kati ya 1937 na 1941 kwa nondo hizo, limedumu baharini ilhali gati la jirani lililojengwa miongo kadhaa baadaye kwa nondo za kawaida limebomoka. Bei yake ni mara kadhaa ya nondo za kawaida, kwa hiyo kwa nyumba ya kuishi ningeshauri fedha ziende kwanza kwenye kava, saruji na kumwagilia.

Matatizo na namna ya kuyashughulikia

*Baada ya kuvua mbao kuna mapango na kokoto ziko wazi.* Usiyafiche kwa lipu. Chokoa hadi ufike kwenye zege zima, safisha, lowesha, kisha jaza kwa mota ya kurekebishia zege, na uimwagilie kama zege jipya. Pango linalofika nyuma ya nondo kuu za nguzo lionwe na mhandisi kwanza.

*Nondo zinaonekana chini ya slabu mpya.* Biskuti zilikosekana au zilisogea. Kuzipaka chokaa au rangi hakusaidii. Mhandisi anaweza kukubali tabaka la mota yenye polima lililonatishwa juu ya uso uliokwaruzwa, na kazi hiyo ifanywe mapema kabla chumvi haijatua.

*Kuna mistari ya kahawia au nyufa nyembamba zinazofuata mkondo wa nondo.* Gonga kwa nyundo ndogo kuzunguka ufa. Sauti ya uwazi inaonyesha kuwa zege limekwisha kuachana na chuma hata kama bado linaning'inia. Zungushia chaki eneo lote lenye sauti hiyo. Ili kujua chanzo, vunja kipande na upulizie kwenye sehemu mpya iliyovunjika maji ya fenolifthaleini: panapogeuka waridi bado pana alikali, pasipobadilika rangi ukaa umefika. Kipimo hicho hakionyeshi chumvi. Kwa chumvi, toboa zege kwa drili, kusanya unga wa kila kina kando kando na uupeleke maabara.

*Zege limebanduka na nondo ziko wazi.* Fuata utaratibu huu, baada ya kuweka mihimili ya muda chini ya slabu au boriti:

1. Vunja zege lote lenye sauti ya uwazi, kisha uendelee kufuata nondo hadi uone chuma kisicho na kutu.
2. Chimba hadi nyuma ya nondo, ukiacha nafasi ya milimita 20 hadi 25 kuizunguka. Kuishia upande wa mbele tu ndilo kosa la kawaida, na kutu huendelea nyuma.
3. Sugua chuma hadi king'ae, ukioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, usugue tena.
4. Pima kipenyo kilichobaki. Nondo ya 12 iliyobaki na 10.7 imepoteza takriban moja ya tano ya chuma chake. Kwa kiasi hicho mhandisi aamue nondo ya kuongeza na urefu wa kuipishanisha.
5. Paka dawa ya kukinga chuma yenye zinki au ya saruji, jaza mota ya kurekebishia kwa tabaka, na uimwagilie.

*Kiraka kimekaa vizuri lakini kutu imetokea pembeni yake.* Hali hii ni ya kawaida kwenye zege lenye chumvi, na mara nyingi fundi hulaumiwa bure. Sehemu iliyokuwa ikiliwa ilikuwa inawakinga majirani zake kwa njia ya umeme mdogo unaopita ndani ya nondo. Ukiirekebisha, kazi ya kuliwa huhamia kwa jirani ambaye zege lake lina chumvi pia. Kuna vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye nondo pembezoni mwa kiraka kabla ya kujaza mota, ili zinki iliwe badala ya chuma. Kama chumvi imefika kwenye nondo za eneo kubwa, viraka havitaisha, na ni bora kupima jengo zima na kuvunja sehemu iliyoharibika kuliko kulipia kiraka kila baada ya masika.

*Kibaraza kinachoning'inia kina ufa juu, pale kinapoungana na ukuta, au nguzo ya chini imepasuka wima kwenye pembe zake.* Hapa usianze na nyundo. Zuia watu wasipite juu wala chini yake, weka mihimili ya muda hadi ardhini na umwite mhandisi siku hiyo hiyo, kwa sababu nondo za sehemu hizo zikikatika jengo halitoi onyo jingine.